Siku 21 bila umeme, bila duka, bila shilingi: mrejesho wangu kutoka shambani Kisarawe

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za majukumu. Mtakumbuka mwezi wa tano niliaga humu kwamba nakwenda kukaa shambani siku 21 bila TANESCO, bila duka na bila kutoa wala kupokea shilingi. Wengi mlicheka, wachache mkasema nikirudi nilete mrejesho. Nimerudi. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite kimya kimya.

Shamba ni eka mbili na nusu, upande wa Mzenga, mahali ambapo usiku ukitulia unasikia treni ya TAZARA inapita. Kuna kibanda cha udongo cha chumba kimoja chenye bati, choo cha shimo, minazi sita, mipapai, na muhogo uliopandwa na kijana aliyekuwa ananiangalizia kabla hajaondoka. Nilibeba jembe, panga, sufuria mbili, ndoo mbili za lita 20, chandarua, chumvi, mafuta ya kula lita moja, kipande cha sabuni, viberiti vitatu, mbegu za mchicha na kunde, na sola ndogo ya wati 20 yenye betri ya volti 12. Unga sikubeba. Sukari sikubeba. Hilo la sukari nitalirudia kwa machungu.

Simu niliichukua kwa sharti moja: kila jioni namtumia mama watoto neno moja, "mzima", kisha nazima.

Siku ya kwanza nilifikiri adui yangu atakuwa giza. Giza nililizoea siku ya tatu, wala sikulikumbuka tena. Adui alikuwa maji.

Kisima kiko bondeni. Kwenda na ndoo tupu ni dakika 25, kurudi na ndoo kichwani ni 40 na mapumziko mawili. Mimi ni mtu mzima wa miaka 38 nisiyejua kubeba ndoo kichwani. Siku ya kwanza nilifika na nusu ndoo, nusu nyingine nimeivaa. Maji yenyewe ni meupe kama ya kuoshea mchele, maana udongo wa kule una ule mfinyanzi mweupe. Nilitumia kama lita 50 siku hiyo kwa uzembe wa mjini tu: kuoga ndoo nzima, kuosha sufuria kwa maji yanayomwagika, kumwagilia tuta la mchicha. Safari tatu, zaidi ya saa tatu za siku yangu. Jioni shingo ilikuwa imekakamaa, nageuka mwili mzima kama bundi aliyekosewa.

Kufikia siku ya sita nilikuwa natumia lita 25 hadi 28. Nilikuwa naoga nimesimama ndani ya beseni ili maji yaliyoniosha yaende kwenye mchicha, na sufuria nazisugua kwa majivu kabla hazijaonja maji.

Naendelea, nanywa chai kwanza. YENYE SUKARI.

#2

Nimevuta mkeka mkuu. Tupia picha.

#3

Hii chai haina hata tangawizi. Nyumba umeikuta, choo umekikuta, muhogo kapanda mwingine, minazi kapanda marehemu nani sijui. Halafu unasema umejitegemea. Wewe ulikwenda likizo bila friji.

#4 – Mleta uzi

#2: picha ni chache, betri ya simu ilikuwa dhahabu.

#3: una hoja na sikatai. Nimelipigia hesabu hilo nikiwa nimelala chali usiku. Muhogo unataka miezi minane mpaka mwaka na zaidi. Mnazi wa kienyeji unataka miaka. Ndani ya siku 21 kitu pekee nilichopanda kwa mkono wangu nikakila ni mchicha, tena siku ya 19, wa kupunguzia, umelegea kama vocha iliyolowa, pamoja na majani machanga ya kunde. Ningetegemea jasho langu tupu ningerudi kwenye machela. Vyote vingine nilikula jasho la mtu aliyeshaondoka. Kwa hiyo ukiniuliza, anayedhani kwamba atanunua kiwanja leo na kesho aanze "kujitegemea", aanze kupanda leo na ahamie mwakani.

Sasa huo muhogo nusura unitoe roho. Siku ya pili nimeng'oa shina moja nyuma ya kibanda, mizizi minono, nikamenya, nikakata kipande nikaanza kutafuna huku sufuria inachemka. Uchungu ukanishika ulimi. Nikasema labda ni ganda. Bibi jirani, Mzaramo wa umri wa mama yangu mkubwa, alikuwa anapita na kuni. Nikamsalimia mdomo umejaa: "Shikamoo bibi." Hakuitikia. Aliweka kuni chini, akaja akautoa muhogo kwenye sufuria kwa mkono wake, akautupa, ndipo akasema, "Marahaba. Huo ni wa makopo, mwanangu. Wa kuchemsha ni ule wa mbele."

Kumbe kijana wangu alipanda aina mbili kwa akili. Mchungu kauzungushia nyuma, upande wa pori, kwa sababu nguruwe na nyani wakiuonja hawarudi. Mtamu kauweka karibu na mlango. Mimi mwenye shamba miaka mitatu sikujua.

#5 – Mdau, nesi

Mleta uzi, mshukuru huyo bibi kila Ijumaa. Muhogo mchungu una sianidi. Kuchemsha peke yake hakutoshi. Ndiyo maana wazee wanaloweka siku kadhaa, wanaanika mpaka makopo yakauke kabisa, ndipo wanatwanga. Kule Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walikosa chakula kingine wakafupisha hizo hatua. Ukazuka ugonjwa wa konzo: miguu inakakamaa ghafla, na haipon­i. Watoto na akina mama ndio waliumia zaidi. Na kisamvu pia usikichemshe juu juu, kitwange kwanza, kiive kweli.

Pia naomba kuuliza: maji ulikuwa unakunywa hivyo hivyo?

#6 – Mleta uzi

Hapana nesi, hapo nilikuwa mwoga. Bibi alinifundisha mlonge. Mbegu zilizokauka za kujaa kiganja, unazimenya, unazitwanga, unakoroga kwenye ndoo, unaiacha. Baada ya saa moja na kitu ule weupe umeshuka wote chini kama uji, juu maji yanaonyesha mpaka kitako cha ndoo. Nilikaa nikaangalia ndoo kama naangalia mpira.

Halafu nachemsha. Siku kuni zilipolowa nilitumia chupa za plastiki zinazoonyesha, nazijaza maji yaliyotulia, nazilaza juu ya bati tangu asubuhi mpaka jioni.

#7 – Mdau, nesi

Vizuri. Niongeze kwa wanaosoma: mlonge unasafisha sura ya maji, hauui vijidudu vyote. Kuchemsha kubaki palepale. Na njia ya chupa inataka jua kali saa sita, kukiwa na mawingu ni siku mbili, na maji yawe maangavu kwanza. Jingine, ukirudi kutoka maporini usijihesabu umepona malaria kwa kuwa hukuumwa kule. Homa inaweza kuja wiki moja, mbili au zaidi baada ya mbu kukuuma. Ukisikia joto, kapime siku hiyohiyo.

#8 – Mleta uzi

Tuendelee. Siku ya nne wamekuja mwenyekiti wa kitongoji na mzee mwingine. Nimewakaribisha mkeka, sina hata chai ya kuwapa, nikawachemshia mchaichai. Mwenyekiti kanywa, kaangalia kikombe, kakiweka chini taratibu. Habari za mjini, nzuri. Watoto, wazima. Kimya. Halafu akasogea akaniambia kwa sauti ya chini, ya huruma kabisa: "Kijana wangu, usinifiche. Ni kausha damu?"

Kijiji kizima kilishakubaliana kwamba nimekimbia mkopo! Mtu mzima mwenye viatu vizuri, anakuja na jembe jipya, hanunui kitu dukani, simu kazima. Nikaeleza lengo langu. Nilipomaliza yule mzee mwingine akauliza, "Kwa hiyo pesa unazo?" Ninazo. "Na hununui sukari?" Sinunui. Wakatazamana. Nadhani ile ya mkopo waliiona ina heshima zaidi.

Nasema hivi kwa sababu humu tunapenda kuandika "maisha ya kijijini ni bure". Pale kwa bibi si bure na hakuna anayeishi bila duka. Chumvi, sabuni, sukari, kusaga, vocha, vyote ni pesa, na pesa yao inatoka kwenye korosho mara moja kwa mwaka na kwenye vibarua. Nguzo za umeme zimefika kitongoji cha jirani, na habari kubwa pale ni lini zitavuka bonde. Mimi nimekimbia waya, wao wanauhesabu kwa nguzo.

Chakula sasa. Wiki ya kwanza: muhogo wa kuchemsha asubuhi, muhogo na tembele mchana, papai jioni. Wiki ya pili tumbo likakataa. Siyo njaa hasa, ni kuchoka kutafuna kitu kilekile. Na kichwa kiliniuma siku tatu mfululizo kwa kukosa chai ya rangi na sukari, nikafikiri ni malaria.

Nazi zipo juu, mimi nipo chini. Mkwezi analipwa taslimu na mimi sharti langu hakuna shilingi. Tukaelewana: nazi tatu zake kwa kila mnazi. Akapanda yote sita kwa muda ambao mimi nilitumia kutafuta kofia. Kuanzia hapo maisha yalibadilika. Nilikuna nazi kwenye mbuzi ya bibi, tui likaingia kwenye kila kitu. Mafuta ya kula yalipokaribia kwisha nilichemsha tui la nazi nane mpaka likakatika, nikapata mafuta yasiyojaa chupa ya nusu lita. Mchana mzima na mzigo wa kuni kwa nusu lita isiyojaa! Dukani ningetoa noti moja bila kufikiri.

Mahindi nilipata kwa bibi. Nilimvunia na kumpukuchulia siku mbili, akanipa nusu debe. Mashine ya kusaga ipo, lakini inataka shilingi. Nikaazima kinu. Wakuu, kutwanga kunaonekana ngoma ukimwangalia mwenye kujua. Nilitwanga alasiri nzima nikapata unga wa ugali mmoja wenye chenga, na malengelenge manne. Bibi akaja akautazama ule unga, akachukua mchi bila neno, akamalizia uliobaki huku ananisimulia habari za mjukuu wake aliyeko Gongo la Mboto.

#9 – Mdau wa siku nyingi

Nimesoma nikacheka peke yangu. Sisi tuliomaliza kidato cha sita miaka ya themanini tulipita JKT kwa mujibu wa sheria, kabla haijasitishwa 1994. Kuni, maji, kulima, hakuna aliyeita majaribio. Na raia nao walikuwa kwenye majaribio makubwa kuliko yako, miaka ile ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na foleni za sabuni. Mke wangu alifulia majani ya mpapai. Unayaponda, yanatoa povu kidogo, shati jeupe linabaki na rangi ya kijani kwapani. Azimio la Arusha la 1967 lilisema kujitegemea, lakini kujitegemea kwa kukosa na kujitegemea kwa kutaka ni vitu viwili, kijana. Wewe ulikuwa na nauli ya kurudi.

#10 – Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Hilo la nauli ndilo lilinikaa kichwani muda wote. Na majani ya mpapai nimeyatumia! Sabuni iliisha siku ya 14, bibi akanionyesha. Shati ninalo, kwapani ni kama ulivyosema.

#11 – Mdau kutoka Kitui

Niko huku Kitui, salamu Watanzania. Hapa maji ndiyo kila kitu, punda ndiye matatu yetu. Ila kuna kitu kimetusaidia: mabwawa ya mchanga. Mto wetu una maji miezi michache tu, unaobaki ni mchanga mtupu. Tunajenga ukuta wa zege kukingama mto mahali penye mwamba chini. Mvua ikija inaleta mchanga, unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa katikati ya mchanga. Jua haliyafikii, ng'ombe hawayachafui. Kiangazi unafukua kidogo tu au unateka kwa pampu ya mkono. Lakini hauwezi ukajenga pekee yako, ni kazi ya kikundi, wiki nyingi za kubeba mawe. Ndugu yangu, hapo kwako kuna bati. Mbona hukuvuna mvua?

#12 – Mleta uzi

Karibu sana jirani. Bati lipo, gata halipo, huo ndio ujinga wangu wa miaka mitatu. Kibanda kina kama mita za mraba 30. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 10 ni lita 300, ondoa zinazopotea, tuseme 240. Ndoo kumi na mbili! Masika yote yaliyopita yalipita hapo juu yakamwagika kwenye mchanga.

Na mvua ilikuja. Siku ya tisa na ya kumi ikanyesha ile ya mchoo, nyepesi lakini haikatiki. Niliweka ndoo, beseni na sufuria chini ya mchirizi, nikapata maji siku mbili bila kushuka bondeni. Nikacheza. Sikujua kwamba mvua hiyohiyo imeniibia vitu viwili.

Cha kwanza moto. Kuni nilikuwa nimeziacha nje. Kiberiti cha kwanza nilishakimaliza kwa kuwasha moto upya kila mlo kama jiko la gesi, viwili vilivyobaki vilikuwa kwenye mfuko uliokaa chini ya tundu la bati. Njiti inakwaruza, kichwa kinamung'unyuka. Nikabeba kifuu nikaenda kwa bibi kuomba moto. Akachagua kaa zuri, akaliweka kwenye kifuu juu ya majivu, akalifunika na kifuu kingine. "Usikimbie, utaupepea uishe. Usikawie, moto utakufa." Nilitembea na kile kifuu kama nimebeba mtoto mchanga. Jioni akaja kunionyesha kulaza moto: gogo moja gumu, makaa unayasukuma kwenye kichwa chake, unafukia kwa majivu yote. Alfajiri unafukua, unaweka makumbi makavu, unapuliza. Kuanzia usiku ule sikuhitaji njiti hata moja mpaka mwisho.

Cha pili umeme. Betri yangu ni ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84, na za kutumia bila kuiua ni nusu yake. Taa mbili za wati tatu jioni moja ni kama 18, simu kuijaza ni kama 15. Yaani nilikuwa naishi ukingoni. Siku mbili za mawingu zikaizima. "Mzima" haikuenda Jumatano. Alhamisi haikuenda.

Ijumaa saa tano asubuhi nasikia boda. Mama watoto huyu hapa, kashika mfuko wa unga, sukari, majani ya chai na chapati kwenye hotipoti, macho mekundu. Hakunisalimia. Akakaa kwenye gogo akalia, kisha akanitukana vizuri, kisha akanipa chapati. Nilikula nne. Na chai nikanywa, vijiko vitatu vya sukari. Hapo ndipo sharti lilipovunjika, sitawadanganya, siku ya 11. Alipoondoka alirudi na mfuko wake, niliukataa, lakini chapati zilikuwa zimeshalika.

Bibi alipomwona akanivuta pembeni: "Kumbe mke unaye?"

#13

Hahaha chapati nne! Hiyo ni siku kumi, siyo 21. Badilisha kichwa cha uzi.

#14

Mkuu mimi nina mpango wa kwenda wiki mbili Handeni mwezi wa tisa. Nipe kwa kifupi, nianze na nini?

#15 – Mleta uzi

#13, mods wakikubali nitabadilisha.

#14, kama ni Handeni mwezi wa tisa, kwanza kaulize maji yako wapi na yanakauka lini, kwa mdomo wako, kwa watu wa pale, siyo kwa dalali. Vingine vinafuata. Gata na pipa kabla ya sola. Kuni zikae ndani. Jitambulishe kwa mwenyekiti siku ya kwanza, usisubiri aje kukuuliza madeni. Ujue zahanati iko wapi na nani ana pikipiki usiku. Na mkubaliane na familia mapema kwamba ukimya wa siku mbili maana yake nini.

Na usiende na wazo la kutohitaji mtu. Mimi nilikwenda nalo. Ukiondoa yule bibi kwenye huu uzi kinachobaki ni mtu mwenye sumu ya muhogo anayelamba njiti zilizolowa.

#16

Bibi umemlipa nini sasa? Maana umekula mahindi yake, moto wake, mchi wake.

#17 – Mleta uzi

Sharti lilikuwa hakuna shilingi mpaka siku 21 ziishe, kwa hiyo nililipa kwa mgongo. Nilimchotea maji kila nilipokwenda, nikamvunia, nikamrudishia paa la banda la kuku. Baada ya hapo nimefunga gata mbili, kwangu na kwake, na pipa la lita 200 kila upande. Pipa lake aliniambia niliweke karibu na mlango, siyo jikoni, ili watu waone.

Halafu nimesahau kuwasimulia kuku. Siku niliyofika nilikuta tetea wake mwekundu kalalia mayai 11 kwenye tenga bovu ndani ya kibanda changu, kona ya mlango. Bibi akasema nikimhamisha atayasusa, niishi naye. Kuku huatamia siku 21. Alikuwa ameanza usiku wa kuamkia siku ile, kwa hiyo tulianza pamoja. Siku ya 12, baada ya zile chapati kuniamshia tamaa, nilikaa nikayatazama yale mayai muda mrefu kuliko inavyofaa. Yeye akanitazama tu. Anatoka mara moja kwa siku, anakunywa maji, anadonoa, anarudi. Nilimheshimu.

Siku ya 20 jioni nikasikia mlio ndani ya yai.

#18

Usituache hapo! Walitoka wangapi?

#19 – Mleta uzi

Wanane. Matatu yalikuwa viza. Nikiwa nafunga begi mwewe akachukua mmoja mbele ya macho yangu, na mimi na jembe langu jipya. Bibi alinipigia juzi kwa simu ya mjukuu wake: wamebaki watano, yule mweupe ni wangu, na niende nikamjengee banda kwa sababu yeye hafugii watu wa mjini bure.